Radhi ya Ghala la Katani

Kabla ya alfajiri Mwanakombo alisikia kijiko kikikoroga chai. Kilikoroga taratibu, kikijihadhari kisiguse ukingo wa kikombe, na kila kilipougusa kilisita kidogo, kama mtu aliyepiga chafya msibani, halafu kikaendelea. Aliyekuwa akikoroga ni Agripina, mwenzake wa chumba. Agripina alizoea kuamka mapema kusali na kusoma, na tangu waanze kuishi pamoja pale bwenini hakuwahi kumwamsha mwenzake kwa kikombe, kwa kiatu wala kwa mlango.

Mwanakombo alivuta blanketi mpaka puani. Jana mchana, mbele ya darasa zima, alikuwa amelivunja neno ambalo nyumba ya kina Agripina ilisimama juu yake. Na leo Agripina huyo huyo anauchunga usingizi wake. Angekuja akamzaba kofi, Mwanakombo angeona afadhali.

Alisikia sahani ndogo ikiwekwa juu ya kikombe cha pili ili chai isipoe. Hicho kilikuwa kikombe chake. Alitaka kusema neno, lakini alipofumbua kinywa mlango ulikuwa umeshafungwa, na hata huo ulifungwa kwa kushikwa mkono mpaka mwisho, usibamize.

*

Chuo chao kilikuwa juu kwenye milima ya Usambara, mahali ambapo ukungu huingia darasani bila kubisha hodi. Kilijengwa huko kwa ajili ya mashine. Mashine yenyewe ilikaa chini ya mwamba, katika baridi ambayo barafu ingejiona moto mbele yake, na wanafunzi wa uzamili waliiita Jokofu. Walikuwa darasa dogo la kuenea kwenye meza moja. Mwalimu wao, Profesa Semboja, alikuwa mzee mpole ambaye siku za mvua aliwaletea magimbi ya kuchemsha kwenye kibakuli, akajifanya yamebaki nyumbani.

Siku ya kwanza ya semina Profesa aliwaeleza jinsi watu wa zamani walivyofunga siri zao. Walichukua namba mbili ndefu wakazizidisha. Kuzidisha ni kazi ya mtoto, alisema, lakini ukipewa jibu peke yake ukaambiwa utafute wazazi wake wawili, utaota mvi na hujawapata. Juu ya ugumu huo watu walilaza barua zao, picha zao na mapenzi yao. Kisha likaja Jokofu. Jokofu halikujaribu namba moja moja kama mwizi mwenye kitita cha funguo. Lilisikiliza namba yote kwa pamoja, likatambua mahali mdundo wake unapojirudia, kama mchezaji anavyotambua ngoma inarudi wapi. Ukishaujua mdundo, wazazi wa namba umewapata.

Ndipo yakatengenezwa makufuli mapya, makufuli ya wavu. Wavu huo una pande nyingi mno zisizochoreka ubaoni. Unaonyeshwa nukta iliyosogezwa kidogo kutoka kwenye fundo, unaambiwa utafute fundo lake. Hata Jokofu hupotea humo. Lakini kufuli jipya haliwezi kufunga mlango ulioachwa nyuma. Kulikuwa na watu waliojua tangu zamani kwamba siku moja mashine kama hiyo itakuja, na watu hao walikuwa wamezikinga jumbe za dunia nzima zikipita kwenye nyaya, wakazihifadhi zikiwa zimefungwa hivyo hivyo. Vuna leo, fungua kesho. Kwa hiyo jumbe hizo ziliitwa Mavuno, na sheria ilisema kwamba furushi la Mavuno ambalo miaka imepita na mwenyewe hajajitokeza ni yatima. Vyuo viliruhusiwa kufungua mayatima ili vijifunze.

Mwanakombo alipewa furushi moja lililotoka Tanga, la mwaka wa homa kuu. Kila mwenzake alifungua lake akatoa ripoti. La kwake lilikataa. Jokofu lilileta ufunguo, ufunguo ukazungushwa, na mashine nyingine waliyoiita Msomaji ikatazama kilichotoka. Kazi ya Msomaji ilikuwa kupima kama kilichotoka ni lugha ya watu. Kama ni lugha, mlango umefunguka. Kama ni takataka, ufunguo si wenyewe. Kila mara Msomaji alijibu: Haijafunguka.

Ezroni, kijana wa Korogwe ambaye mzaha ulikuwa pumzi yake, alimwambia furushi lake limefungwa na mganga. Wakacheka. Mwanakombo aliudhika, na kwa ubishi wake akaenda kuisoma ile takataka kwa macho yake mwenyewe. Akaona neno *mimi*. Limesimama zima katikati ya maneno yasiyoeleweka, tena na tena, kila baada ya mistari michache. *Mahakuse tuki. Zaro panimem dhira mimi.*

Nywele zilimsimama. Kile kilikuwa kinyume.

Kwao Pangani, bibi yake na shangazi zake walizungumza kinyume jikoni ili watoto wasisikie. Silabi ya mwisho unaileta mbele: maji ni jima, nyumba ni mbanyu. Wakizungumza haraka ni kama ndege wamegombana. Mwanakombo alikuwa mdogo bado alipoanza kuwaelewa, na siku alipojisahau akacheka mahali pa kucheka, bibi yake alimkalisha kwenye kibao cha mbuzi akamwambia kwamba sasa yeye ni mtu wa jikoni, na anachokisikia kwa kinyume hakitoki jikoni. Hakumtisha wala hakumwapisha. Alimpa tui la kulamba, mambo yakaisha.

Kwa hiyo Jokofu lilikuwa limefungua mlango tangu siku ya kwanza, na Msomaji akadhani bado umefungwa. Kufuli la wanahesabu lilikuwa limevunjika, na mchezo wa jikoni ukabaki umesimama. Katika chuo kizima aliyejua hilo ni Mwanakombo peke yake. Lilimlevya. Alisoma jumbe chache tu za mwanzo, hakumwambia mtu, akangoja siku yake ya semina.

Na jana ndiyo ilikuwa siku yake.

Alisimama akawaeleza vizuri, na darasa likafurahi kweli. Aliwaonyesha kwamba neno mimi ukiligeuza linabaki mimi, halijifichi, na hilo ndilo lililomfichua mwandishi. Profesa Semboja alipiga meza kwa kiganja kwa furaha. Msomaji alikuwa amewashwa, akirekodi kama kawaida. Kisha Mwanakombo akaanza kusoma kwa sauti, kinyume kwanza, halafu maana yake.

Mwandishi alikuwa nesi aliyeitwa Hidaya, akimwandikia mdogo wake. Mwaka wa homa kuu, wagonjwa walilazwa katika ghala la katani nje ya mji, na ndugu hawakuruhusiwa kuingia. Walisimama getini wakingoja neno. Nesi ndiye aliyewaletea maneno ya mwisho ya wagonjwa wao. Na kila jioni alimwandikia mdogo wake ukweli: huyu hakusema kitu, nimewaambia amewasamehe, huyu alikuwa akimtukana daktari, nimewaambia alikuwa akisali.

"Kumbe marehemu walikuwa na mwandishi wa hotuba," alisema Ezroni, na meza nzima ikacheka. Mwanakombo naye alicheka, akaendelea na ujumbe uliofuata. Mzee Deogratiasi wa Soni. Hakusema kitu. Binti yake yuko getini. Roza nimempa radhi mimi.

Agripina aliinua mkono, kwa adabu yake ile ile, akaomba arudiwe jina.

Mwanakombo alidhani anashangiliwa. Alirudia jina kwa sauti kubwa zaidi, na akaongeza madaha kidogo kwenye neno radhi.

"Huyo ni babu yangu," alisema Agripina. "Roza ni mama yangu."

Hapo ndipo Mwanakombo alipokiona akilini kile kitambaa cha Soni. Siku za Pasaka alikuwa amekwenda huko na Agripina, na juu ya mlango wa sebule palitundikwa kitambaa cheupe kilichodariziwa kwa uzi wa kijani: *Roza arudi nyumbani, radhi nimempa.* Mama Roza mwenyewe alimsimulia. Baba yake alimfukuza kwa sababu ya mwanamume aliyempenda, na kaka zake wakamfungia mlango. Lile neno lililotoka ghalani ndilo lililomrudisha. Kaka zake walilia wakampokea, Agripina akazaliwa chini ya paa lile. Mwanakombo alikula siku zote za sikukuu chini ya maneno hayo, na wakati wa kuondoka Mama Roza alimfungia matunda damu kwenye kanga yake mwenyewe, ambayo Mwanakombo hajairudisha bado. Halafu jana akayasoma maneno yale yale kwa madaha, na hakuyatambua.

*

Asubuhi alikwenda ofisini kwa Profesa na kumwomba ripoti yake ifutwe. Alisema hatasoma tena hata mstari mmoja wa furushi lile, na kwa kuwa hakuna mwingine anayejua kinyume, litabaki limefungwa.

Profesa alimvutia kiti. Alichukua muda mrefu kusafisha miwani iliyokuwa safi.

"Msomaji alikusikia jana," alisema. "Ulimpa kinyume na ulimpa maana. Hakuhitaji zaidi ya hapo. Mpaka jioni alikuwa ameyasoma yote yaliyobaki."

Mwanakombo alikuwa akijiambia usiku kucha kwamba angalau ametoa jumbe chache tu nje ya jikoni. Kumbe alikuwa ametoa jiko zima.

Profesa alisema jumbe hizo yeye mwenyewe hajazifungua na hatazifungua. Alisema pia, akitazama dirishani, kwamba jana alipiga meza kwa furaha wakati watu waliokufa wanasomwa, na kwamba mkono huo anauonea haya. Hakusema hivyo ili kumpunguzia Mwanakombo mzigo. Alisema kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Jumatatu, kwa utaratibu wa sheria, rekodi ya semina na kila alichosoma Msomaji vingewekwa wazi katika maktaba ya Mavuno, na mtu yeyote, Soni au kwingineko, angeweza kutafuta jina la marehemu wake na kusoma. Pingamizi ameshaandika, lakini baraza halisomi pingamizi kabla ya wiki kadhaa.

"Njia ni moja," alisema. "Yatima akipata mzazi, si yatima tena. Mwenye furushi akitokea akasema kwa sauti yake kwamba ni lake, linafungwa hapo hapo, pamoja na rekodi. Lakini jina lake litaandikwa kwenye daftari la wazi la wenye Mavuno. Watu watajua kwamba nesi fulani alikuwa na jambo la kufunga."

Mwanakombo alielewa. Ili kumkinga yule mama, ilibidi amwendee na kumwomba ajitaje mwenyewe. Na ili amwombe hivyo, ilibidi kwanza amwambie nani aliyemfungua.

Alipotoka alimkuta Agripina amekaa kwenye ngazi. Mwanakombo alimweleza yote bila kumtazama. Alimwambia anakwenda Tanga kesho kumtafuta huyo nesi, kama yu hai. Agripina alisema yu hai. Tangu jana alikuwa akiulizia kwa manesi wastaafu, na wamemwelekeza mpaka mtaa.

"Twende wote," alisema Agripina.

"Agri, huna haja ya—"

"Shoga, sikufuati wewe. Mimi nina swali langu."

*

Bi Hidaya alikuwa mwembamba, mrefu, na alikuwa uani akipeta mchele. Mkwewe alikuwa kazini, nyumba ilikuwa kimya. Walipopiga hodi hakuuliza ni nani. Alisema karibuni, akaitikia shikamoo zao, akasogeza mkeka upande wenye kivuli na yeye akabaki upande wa jua. Aliwatilia maji ya kunywa yaliyofukizwa udi. Aliwauliza habari za safari, baridi ya huko juu, na kama wamekula. Hakuwauliza walichofuata. Aliendelea kupeta, na makapi yaliporuka upande wa wageni aligeuka yaruke upande wake.

Kila wema ulizidi kumfunga Mwanakombo ulimi. Mwishowe aliweka bilauri chini akasema. Alieleza kuhusu Mavuno, kuhusu Jokofu, kuhusu jumbe zilizokingwa kwenye nyaya zamani zile za homa. Alisema polepole, kwa maneno ya kawaida, na alipofika kwenye ghala la katani, ungo ulisimama.

Bi Hidaya aliuweka magotini.

"Umesoma mbele za watu?" aliuliza.

"Ndiyo, bibi."

"Walicheka?"

"Walicheka. Na mimi nilicheka."

"Na kinyume umefundishwa na nani?"

"Bibi yangu. Pangani."

"Hakukwambia?"

Mwanakombo alihisi masikio yakimuwaka. Angeweza kusema alikuwa mtoto. Angeweza kusema ni kazi ya chuo, ni sheria, ni mashine. "Aliniambia," alisema.

Bi Hidaya alitikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyepokea kipimo alichokitarajia. Hakumkemea. Alianza kuchambua mchele kwa vidole, akitoa chenga ambazo hazikuwepo, na huku akichambua akasimulia.

Alisema ghala lile lilinuka katani kiasi kwamba mpaka leo akipita dukani penye kamba huzuia pumzi. Manesi walikuwa wachache na wagonjwa wamejaa. Getini watu walisimama juani tangu asubuhi, hawaombi dawa, hawaombi maiti, wanaomba neno. Siku ya kwanza aliwaambia kweli. Alimwambia mama mmoja kwamba mwanawe hakusema kitu, na yule mama alimtazama kana kwamba yeye ndiye aliyemziba mtoto mdomo. Siku ya pili akatoka na neno. Lilikuwa dogo tu. Baada ya hapo hakuweza kuacha, kwa sababu watu walipokezana habari kwamba nesi mrefu anatoka na maneno, wakawa wanamngoja yeye. Uongo ulipomjaa alimwandikia mdogo wake Subira, kwa lugha ya jikoni kwao, ili pawe na mahali pamoja duniani penye ukweli. Subira amekwisha kufa. Alidhani pale mahali pamekufa naye.

"Nilikuwa na haya kabla hamjaja," alisema. "Msidhani mmeniletea. Mmenikuta nayo."

Agripina alisogea mpaka ukingoni mwa mkeka.

"Bibi, mimi ni mtoto wa Roza. Roza wa Mzee Deogratiasi, wa Soni."

Bi Hidaya alimtazama. Alimtazama usoni, kisha macho yakashuka, yakapanda tena, na mikono yake ikaushika ungo pande zote mbili.

"Wewe ndiwe lile tumbo," alisema.

Agripina hakuelewa.

"Mama yako alisimama nyuma ya watu wote. Kaka zake walikuwa mbele, hawamtazami. Jua kali, na yeye amekaza mikono hivi, chini ya tumbo, kama mtu aliyebeba ndoo naye hana pa kuitua. Nikasema huyu akirudi alikotoka bila neno, ataitua wapi. Kaka zake nikawapa salamu. Yeye nikampa radhi. Nilisema kwa sauti ili wao wasikie."

Mwanakombo alijua sasa swali linakuja, na alijua pia kwamba mama huyu, aliyewapa watu maneno ya kuishi nayo maisha yao yote, angeweza kutoa moja zaidi kwa urahisi. Alitamani alitoe. Aliona haya kwa kutamani hivyo.

"Hakusema kweli hata kidogo?" aliuliza Agripina. "Hata jina lake?"

"Hakusema, mwanangu. Alikuwa na mpira kooni, hata angetaka asingeweza. Sijui alitaka nini. Kwamba angemsamehe au asingemsamehe, hilo amekwenda nalo. Ninachokijua ni kwamba alikuwa akiona baridi ya miguu. Homa yake yote ile haikumfika miguuni. Nilimvalisha soksi za daktari mmoja, na kila nikipita alizitazama, kisha ananitazama mimi. Hicho ndicho nilichonacho cha kweli. Ni kidogo."

Agripina alifunika uso kwa viganja akalia, si kwa sauti. Bi Hidaya aliweka ungo pembeni, akaenda kwa magoti mpaka alipo, akamshika kisigino cha mguu mmoja, akakaa hivyo amekishika. Mwanakombo aliinamisha kichwa. Kilichokuwa pale hakikumhusu, na ni yeye aliyekuwa amekileta.

*

Jua lilipopunguza ukali, Mwanakombo alitoa chombo cha chuo, kibao kidogo cha kioo, akamweleza Bi Hidaya jambo la mwisho. Alimweleza bila kupamba. Akisema ni lake, furushi litafungwa na hakuna atakayelisoma tena. Lakini jina lake litaandikwa mahali pa wazi, na wapo watakaojumlisha mwaka, ghala na nesi, wakaja kuuliza. Akinyamaza, Jumatatu watu watasoma wenyewe kila jina na kila neno, naye anaweza kusema Hidaya ni wengi.

Agripina alimwambia Bi Hidaya asijitaje kwa hisani ya Mama Roza; kama anaogopa, anyamaze, wao watajua la kufanya Soni.

"Waliosimama getini ni wangapi walio hai?" aliuliza Bi Hidaya, kisha akajijibu kwamba hakuna anayejua. Alifikiri. "Wakisoma kwenye kioo, nani atawashika mkono? Wakija kuniuliza mimi, watanikuta nimekaa hapa. Nitawaambia, na watanitukana, na nitawapa maji. Lete."

Alikiinua kibao karibu mno na mdomo, kama simu za zamani. "Ni yangu," alisema. "Mimi, Hidaya binti Athumani. Niliyaandika mimi."

Kibao kilimtambua sauti kwa kuilinganisha na salamu zake za sauti za zamani zilizokuwa humo humo furushini. Mistari ya kinyume iliyokuwa ikionekana ilififia kutoka juu kwenda chini, na pamoja nayo jina la Mwanakombo, ripoti yake, na kazi yake ya mwaka mzima. Pakabaki neno moja, *Limefungwa*. Mwanakombo alitazama kama atasikia wepesi wowote. Hakusikia. Kilichofungwa ni furushi. Darasa lilikuwa limeshasikia, na Ezroni alikuwa na mdomo.

Walijitayarisha kuondoka. Agripina alifunga viatu taratibu. Alisema hajui atamwambia nini mama yake, na kama amwambie. Kile kitambaa bado kipo juu ya mlango, na mama yake huwa anakigusa anapotoka.

"Usimwambie kwa simu," alisema Bi Hidaya. "Na usimwambie wewe. Neno lilitoka kwangu, acha lirudi kwangu. Alinisikia nikiwa nimejifunika uso wote, hajawahi kuniona. Mlete anione."

Agripina alikubali kwa kichwa. Alimbusu mkono, akatangulia mlangoni.

Mwanakombo alibaki amesimama kwenye ukingo wa mkeka. Maneno aliyoyafanyia mazoezi njiani yote yalikuwa yamekwisha kuliwa na mengine. Alipiga magoti.

"Bibi, naomba radhi."

Bi Hidaya alimtazama kwa muda mrefu, bila ukali, kama anavyotazamwa mgonjwa ambaye bado haijajulikana ugonjwa wake umekaa wapi.

"Hizo nilizigawa ovyo zamani," alisema. "Nilimpa kila aliyesimama mbele yangu, hata zisizokuwa zangu. Sasa hivi ni mzito wa kuzitoa, nikikupa leo nitakuwa nimekufunika tu ili uondoke." Alimwondolea kapi la mchele lililokuwa limemkaa begani, akalitupa. "Inuka, gari litawaacha. Lakini njoo tena, uje peke yako, tukae. Mkwe wangu hurudi jioni, mchana wote niko hapa. Ukinikuta nimelala, niamshe."